Swali Kwanza, Hojaji Baadaye

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiambiwa aandike pendekezo la utafiti, mara nyingi huwa ameshaamua mambo mawili kabla hajaonana na msimamizi wake: kichwa na hojaji. Kichwa kitaanza na "Athari za" au "Changamoto za". Hojaji itakuwa na maswali ishirini, nusu yake yametoka kwenye tasnifu ya aliyemtangulia. Kinachokosekana ni swali lenyewe, yaani jambo ambalo mtafiti halijui na anataka kulijua. Watu hudhani utafiti huharibikia kwenye takwimu. Wasimamizi wanajua kwamba mwingi huwa umeshaharibika kwenye ukurasa wa kwanza.

Swali zuri si lazima litoke kwenye kitabu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu wao ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ikawa ya kugombania. Mwenzake alitia maziwa yasiyochemshwa kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akatia ya kwake yangali moto. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni rojorojo. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Hakuliacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Darasa zima likacheka. Osborne hakukubali wala hakukataa. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala ya pamoja, na hadi leo wanafizikia duniani huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Ahadi ya yule fundi inachekesha, lakini ndiyo maradhi makubwa ya watafiti: kujua jibu kabla ya kuuliza, na kurudia kazi mpaka data ikubali. Dawa yake ni nadharia tete. Hili ni jibu la kukisia ambalo mtafiti huliandika kabla ya kukusanya data, tena kwa namna inayoruhusu kukanushwa. "Maji ya moto huanza kuganda kabla ya maji baridi yakiwekwa pamoja kwenye friji moja" ni nadharia tete, kwa kuwa bilauri mbili na saa ya mkononi zinaweza kuiangusha. "Elimu ni muhimu kwa maendeleo ya jamii" si nadharia tete. Hakuna tukio lolote duniani litakalomfanya mwandishi wake aseme, kumbe nilikosea.

Kabla ya kupima, amua unapima nini. Kuganda ni pale utando wa kwanza wa barafu unapoonekana, au pale maji yote yanapokuwa barafu? Mtu anaweza kupata majibu mawili yanayopingana kwa kubadilisha maana hiyo tu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden nchini Uingereza waliipitia hoja ya Mpemba upya, wakapima wenyewe, wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha pia kwamba kupishanisha kimo cha vipimajoto kwa sentimita moja kunatosha kuleta matokeo yanayofanana na yale ya Mpemba. Mjadala haujaisha. Ila sasa wanaobishana wanajua wanabishania nini, na hiyo ni hatua.

Katika mambo ya watu kazi hii ya kufasili ni ngumu zaidi. Chukua utoro shuleni, mada inayopendwa sana na wanafunzi wa ualimu. "Changamoto za utoro Tanzania" ni eneo tu. Halina mlango wa kuingilia. Lipunguze kwa kuuliza: nani, wapi, lini, likilinganishwa na nini? Baada ya kulipunguza litasomeka hivi: "Je, wanafunzi wa darasa la tano katika shule nne za kata hii hukosa shule siku nyingi zaidi mwezi wa palizi kuliko mwezi unaoutangulia?" Kichwa hiki hakivutii kama kile cha kwanza, lakini mtu mmoja mwenye baiskeli na miezi mitatu anaweza kukijibu. Na jibu linaweza kuwa hapana.

Sasa, anayehesabiwa mtoro ni nani? Aliyeitwa jina asubuhi akakosekana? Aliyeitikia kisha akaondoka baada ya mapumziko? Wengi watakimbilia rejista ya mahudhurio, kwa kuwa ipo na ni bure. Watafiti waliofanya kazi Busia, magharibi mwa Kenya, hawakuiamini rejista. Walituma wasaidizi wao shuleni bila taarifa, wakahesabu watoto waliomo darasani siku hiyo. Wataalamu huita sifa ya kwanza ya kipimo uhalali, yaani kinapima kile kinachodaiwa kupimwa. Na ya pili uthabiti, yaani mtu mwingine akikitumia leo au kesho atapata jibu lilelile. Rejista iliyojazwa na mwalimu yuleyule kila siku inaweza kuwa thabiti kabisa na bado isiwe halali.

Utafiti huo wa Busia unastahili kutazamwa kwa ukaribu. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walitaka kujua kama dawa za minyoo hupunguza utoro. Shule 75 za msingi ziligawanywa makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Waliosubiri zamu yao wakawa kipimo cha kulinganishia wale waliotangulia. Utoro ulipungua kwa takriban robo, lakini alama za mitihani hazikupanda. Wakachapisha yote mawili, mwaka 2004. Mtafiti anayeficha lile la pili ili la kwanza lipendeze amegeuka mfanyabiashara wa dawa.

Kwa nini wahangaike na makundi? Kwa sababu kulinganisha shule zenye kitu fulani na zisizo nacho hudanganya, na mfano mzuri zaidi umetoka eneo lilelile. Kremer na wenzake, Paul Glewwe, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz, walichunguza chati kubwa za kufundishia, zile za kubandikwa na kufunuliwa mbele ya darasa. Walipolinganisha shule kama zilivyokuwa, zenye chati nyingi zilikuwa na alama za juu zaidi. Mwandishi wa habari angeishia hapo: chati zinapandisha ufaulu! Kisha wakachukua shule 178, nusu yake zikapewa chati bila kuangalia sifa zozote za shule, nusu nyingine zikakosa. Tofauti ya alama ikayeyuka. Inaelekea kilichozipandisha zile za mwanzo ni mambo yanayoandamana na chati: mwalimu mkuu mchangamfu, kamati ya wazazi yenye pesa, mji ulio karibu.

Hapa ndipo msamiati wa vigeu unapopata maana. Chati ni kigeu huru, kile kinachodhaniwa kuwa chanzo. Alama ni kigeu tegemezi, kile kinachodhaniwa kuwa matokeo. Yule mwalimu mkuu mchangamfu ni kigeu cha tatu, anayevisukuma vyote viwili bila kuonekana. Kila unapoona mambo mawili yakienda pamoja, mtafute wa tatu. Ukiweza kugawa makundi kwa kura, kura itamfunga mikono, kwa kuwa walimu wakuu wachangamfu wataangukia pande zote mbili. Usipoweza, na katika tasnifu ya shahada ya kwanza huwa haiwezekani, basi pima vigeu vya tatu unavyovifahamu, na katika hitimisho uandike kwamba mambo haya yanahusiana, usiandike kwamba hili limesababisha lile.

Kura inaweza kuangusha hata desturi za hospitali. Katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Teule huko Muheza, watafiti waliokuwa na kituo kikubwa Kilifi walichunguza watoto 3,141 waliolazwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Desturi iliyokubalika ilikuwa kuwatundikia dripu ya haraka. Watoto waligawanywa kwa kura: makundi mawili yalipata dripu za haraka za aina mbili, la tatu likahudumiwa kwa matibabu mengine bila dripu hiyo. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi ya dripu, na asilimia 7.3 katika kundi la tatu. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Madaktari waliokuwa wakitundika dripu hizo hawakuwa wazembe. Walikuwa na uzoefu, na uzoefu peke yake hauna kundi la kulinganishia.

Sampuli huwaogopesha wengi bila sababu. Fomula inayotumika sana katika vyuo vyetu ni ya Yamane: chukua idadi ya kundi lote, igawe kwa moja ukijumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloweza kulivumilia. Kundi likiwa la watu 1,200 na kosa ni asilimia 5, yaani 0.05, mraba wake ni 0.0025; mara 1,200 ni 3; jumlisha 1 upate 4; 1,200 gawa kwa 4 ni 300. Sasa jaribu na watu 40,000. Jibu ni 396. Kundi limekua zaidi ya mara thelathini, sampuli imeongezeka watu 96 tu. Ndiyo maana Afrobarometer, ambao katika mizunguko mingi huhoji watu 2,400 nchini Kenya au Tanzania, wanaweza kuzungumzia nchi nzima kwa kosa la takriban asilimia 2 juu au chini.

Lakini fomula hiyo ina sharti ambalo kurasa za tasnifu hulisahau: kila mtu katika kundi lazima awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Mwanafunzi anayehesabu 396 kwa fomula kisha akawahoji watu 396 wa kwanza kukutana nao kituo cha daladala amefanya hesabu ya bure. Afrobarometer hawamwachii mdadisi achague nyumba anayoipenda. Hupangiwa eneo kwa bahati nasibu, hufuata utaratibu wa kuruka nyumba, na ndani ya kaya mhojiwa hupatikana kwa bahati nasibu vilevile, safari hii mwanamke, safari ijayo mwanamume. Bila hivyo wangehojiwa walio nyumbani mchana na wanaopenda kuongea na wageni.

Si kila swali linataka idadi. "Wangapi" na "mara ngapi" ni maswali ya utafiti wa kitakwimu. "Vipi" na "kwa nini hasa" ni ya utafiti wa kitaamuli, na huu haupaswi kuitwa ndugu mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mshahara wa mfanyakazi wa Dar es Salaam ulikuwa hautoshi hata chakula cha mwezi, na bado watu waliishi, walisomesha, walijenga. Waliishije? Aili Mari Tripp, msomi wa siasa, alikwenda kuwauliza wenyewe mitaani, akakuta uchumi mzima wa miradi: kufuga kuku, kuoka maandazi, kushona, kuuza mkaa. Karatasi ya hojaji yenye visanduku vya kuweka tiki isingefika huko. Ilikuwa miaka michache tu tangu operesheni ya Nguvu Kazi ya 1983, iliyowakamata mijini walioitwa wazururaji na kuwapeleka vijijini. Katika hali hiyo, mgeni mwenye karatasi anayeuliza "unapataje kipato?" anafanana mno na mgambo.

Usaili unahitaji subira, na unahitaji daftari lililopangwa. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto andika maneno ya msemaji kama yalivyotoka, na lahaja yake, na kicheko chake, na pale alipokata kauli baada ya jirani kuingia. Kulia andika mawazo yako: nini kimekushangaza, nini hukukielewa, swali gani ulisahau. Juu weka tarehe, saa na mahali, na badala ya jina la mtu weka namba. Fanya hivyo usiku uleule. Kinasa sauti kinasaidia kama mwenyewe ameridhia, lakini hakitakwambia nani alikuwa amesimama mlangoni.

Ushuhudiaji nao una mitego. Jane Goodall alifika Gombe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, Julai 1960, na mwaka huohuo akawaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti, jambo lililobadilisha fikra kuhusu nani anatumia zana. Baadaye kituo kilianza kuwawekea sokwe ndizi ili wasogee karibu, na hapo wakosoaji wakauliza: ugomvi unaoonekana ni wa sokwe wenyewe au wa ndizi? Anayekaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi ajiulize vivyo hivyo. Mwalimu anayemwona leo huenda amevaa koti kwa ajili yake. Akae siku ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka wanafunzi waache kugeuka.

Hojaji ije sasa, kama bado inahitajika. Kila swali lijibu sehemu ya swali kuu. Lisilo na kazi lifutwe hata kama ni zuri. Epuka kuuliza mambo mawili kwa pigo moja: "Je, umeridhika na walimu na vyoo vya shule hii?" Aliyeridhika na walimu tu ajibu nini? Epuka swali linalomshika mtu mkono kuelekea jibu, kama "Unakubali kwamba utoro ni tatizo kubwa?" Na usidhani hata swali jepesi ni jepesi. Katika sensa nyingi za Afrika umri hurundikana kwenye miaka inayoishia na 0 na 5, kwa kuwa wengi hukadiria. Wadadisi wa sensa hubeba orodha ya matukio: ulizaliwa kabla au baada ya Uhuru? Azimio la Arusha lilikukuta unatembea? Vita vya Kagera je? Ijaribu hojaji yako kwa watu kumi walio nje ya sampuli, ukae nao wakiijaza. Pale wanaposita, sentensi yako ndiyo yenye kasoro.

Mambo ya vibali yaanze mapema. Tanzania, mwanafunzi wa chuo kikuu hupata barua kupitia chuo chake, kisha huishusha mkoani, wilayani hadi kwa mtendaji wa kata. COSTECH ndiyo tume inayosimamia utafiti kwa jumla, na mambo ya afya ya binadamu hupitia NIMR. Kenya ni NACOSTI. Lakini barua ya mkuu wa wilaya si ridhaa ya mama aliyeketi kibarazani. Yeye anapaswa kuelezwa nani anauliza, kwa nini, majibu yatakwenda wapi, na kwamba anaweza kukataa au kuishia katikati bila kudhurika. Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, wakanyimwa matibabu hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana. Taratibu nyingi za ridhaa zinazoonekana leo kama urasimu zilipata nguvu kutokana na aibu hiyo.

Data ikishapatikana, iandikie mpango wa uchanganuzi kabla ya kuifungua, hifadhi nakala ambayo haitaguswa, na weka kumbukumbu ya kila ulichokirekebisha. Miguel na Kremer walitoa data yao kwa wengine. Mwaka 2015 timu ya wataalamu wa afya kutoka London iliirudia hesabu, ikabaini makosa. Dai la kwamba dawa zilisaidia hata shule za mbali zisizopewa lilidhoofika. Lile la mahudhurio katika shule zilizopewa likasimama, ingawa ubishi juu ya uzito wake ulikuwa mkali. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kukosolewa hadharani hakukumzuia.

Mwishoni kuna deni ambalo wengi hawalilipi. Tasnifu ikishafungwa jalada gumu huenda maktaba ya chuo, na shule nne za kata ile hazisikii tena habari zake. Andika kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi: ulichouliza, ulichokuta, usichoweza kukisema kwa hakika. Zipeleke mwenyewe kwa mwalimu mkuu na kwa mtendaji wa kata, ukae wakusome, uwaache wakubishie.